Jukwaa la chuma la kukodi: tathmini ya fomeni baada ya kumaliza nyumba ya ghorofa tatu Goba

Kwa wanaoniuliza kama inalipa kuacha mirunda (miti ya kufungia jukwaa la kusimamia mafundi) na kukodi jukwaa la chuma, jibu langu ni kwamba inalipa, ila kodi seti kamili. Nalisisitiza hilo kwa sababu kinachokodishwa sana hapa Dar es Salaam ni nusu ya jukwaa. Unaletewa fremu na kros (vyuma vya kukatiza kati ya fremu na fremu), basi. Reli za kumzuia mtu asianguke, ubao wa ukingoni, jeki za chini, ngazi na mabomba ya kushikiza jukwaa ukutani vyote vinaitwa vya ziada, na kwa kuwa mteja kaja kutafuta bei, vinabaki stoo kwa mwenye mali. Unalipa pesa, fundi anapanda juu ya chuma badala ya mti, na hatari ya kuanguka iko palepale.

Mimi ni fomeni. Uashi nimeusomea VETA Chang'ombe, nikaanzia kazi ya saidia fundi, karai kichwani kama wengine, na sasa nasimamia saiti za watu binafsi, nyingi za ghorofa mbili mpaka nne. Vijana wananiita dada fomeni. Nyumba ninayoizungumzia iko Goba, kwenye kiwanja chenye mteremko mkali upande wa nyuma, na jukwaa lilikaa pale tangu kuta za ghorofa ya kwanza hadi lipu ya nje na rangi. Mkodishaji simtaji jina, kwa sababu huduma ya namna hii unaipata Buguruni, Tabata, Tegeta na kwingineko, na mazuri na mabaya nitakayoyaeleza utakutana nayo karibu kila mahali.

Nianze na kwa nini naandika habari za jukwaa wakati watu wakisikia usalama saitini wanafikiria helmeti na reflekta. Kazi ya ujenzi inaua zaidi kwa kuanguka kuliko kwa kitu kingine chochote. Marekani, ambako kila kifo cha kazini kinaandikwa, zaidi ya theluthi moja ya vifo vya wajenzi hutokana na mtu kuanguka kutoka juu. Hapa kwetu, jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, nchi nzima ilisimama, na mpaka leo mwenye nyumba mwenye akili anauliza habari za nondo na ubora wa zege. Ni vizuri. Lakini fundi mmoja akidondoka kutoka kwenye jukwaa la mirunda Mbagala au Kimara, hakuna anayesimama. Anabebwa kwenye bajaji, kazi inaendelea, na jukwaa lile lile linapandwa na mwingine kesho yake asubuhi. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo maana nikipata pesa kidogo ya usalama kwenye bajeti ya mtu, naipeleka kwenye jukwaa kabla sijanunua kitu cha kuvaa.

Helmeti lazima iwepo, buti lazima ziwepo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri avitoe. Ila helmeti inamsaidia mtu baada ya tofali kudondoka. Ubao wa ukingoni unalizuia tofali lisidondoke kabisa, na unamlinda fundi, saidia fundi, mama lishe aliyeingia kukusanya vyombo na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake, bila hata mmoja wao kukumbuka kuvaa kitu.

Sasa huduma yenyewe. Vyuma vilikuja na fuso, pamoja na vijana watatu wa kuvifunga na mkubwa wao, mtu wa makamo, mpole, mwenyeji wa Kilwa. Kabla hajashusha hata fremu moja alizunguka nyumba nzima akiwa na fimbo, anachoma udongo. Nikampenda hapohapo. Upande wa nyuma tulikuwa tumejazia kifusi, na kifusi kinadanganya. Juu kimekauka, chini ni laini. Akaniambia, "Dada fomeni, hapa siweki mguu mpaka mpashindilie." Tukashindilia siku nzima, na kazi ikachelewa kwa ajili hiyo. Nilipopiga hesabu ya uzito unaoshuka kwenye mguu mmoja, sikuona cha kulalamikia.

Jeki za chini ndizo zilizonipendeza kuliko vifaa vyote vingine. Ni skrubu nene yenye nati ya masikio mawili na bamba la mraba chini yake. Kwenye mteremko wa Goba, miguu ya mbele ilikuwa imekunjwa chini kabisa na ya nyuma imerefushwa, na fremu zote zikakaa sawa kwenye timazi. Kwa mirunda, mteremko kama ule tungepambana nao kwa kuchimba huku na kupachika vipande vya tofali kule. Chini ya kila bamba waliweka ubao mrefu unaochukua miguu miwili, ili uzito usambae. Mvua ya masika ilipopiga usiku mzima, asubuhi nilipita mguu kwa mguu. Kwenye kona moja maji yalikuwa yamekula udongo chini ya ubao, na bamba linacheza ukiligusa kwa mkono. Tulizuia kazi upande ule, tukajazia, tukashindilia, tukakaza nati nusu mzunguko, tukapima tena. Kwa tofali lililopachikwa chini ya mrunda, kucheza kule kusingeonekana, kwa sababu mrunda wenyewe unacheza siku zote.

Kuhusu kulishikiza jukwaa kwenye jengo, hapa ndipo wakodishaji wengi wanapowaangusha wateja. Fremu zetu zilikuwa na upana wa mita 1.2. Mafundi makini wanafuata kanuni kwamba jukwaa linalosimama peke yake nje lisizidi kimo cha mara tatu ya upana wake mdogo, yaani mita 3.6. Hiyo ni kama fremu mbili kwenda juu, haijamaliza hata ghorofa ya kwanza vizuri. Zaidi ya hapo lazima ukuta ulishike. Yule mzee wa Kilwa alipitisha bomba kwenye nafasi ya dirisha, akaweka jingine kwa ndani likikatiza dirisha, akayafunga pamoja kwa klampu, na akarudia hivyo kila mita 4 kwenda juu. Nimeona saiti nyingi ambako jukwaa limefungwa kwenye fremu ya dirisha kwa waya wa kufungia nondo. Waya ule unavuta tu. Jukwaa likisukumwa kuelekea ukutani waya hauuzuii mwendo, na likivutwa kwa nguvu unakatika. Usiukubali. Na kama unaweka wavu wa kijani kuzunguka nyumba, wakati wa kusi ule wavu unashika upepo, kwa hiyo sehemu za kushikiza ziongezwe. Sisi wavu tuliuweka upande wa barabarani tu.

Reli zilikuwa na mjadala. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu, mtu mwema anayelipa kwa wakati, lakini alipoiona ile safu ya reli kwenye hesabu aliniita pembeni. "Mwanangu, hizi za nini? Hawa ni mafundi, si watoto." Sikubishana naye. Nikamwomba apande na mimi kwa ngazi mpaka kwenye sakafu ya pili ya jukwaa, upande ambao tayari ulikuwa umefungwa kila kitu, akakague kuta zake. Akavaa helmeti, akapanda. Muda wote tuliozungumza kule juu, mkono wake wa kushoto haukuiachia reli hata mara moja. Tuliposhuka akasema, "Wekeni pande zote." Reli ya juu iko karibu mita moja kutoka kwenye mbao, ya kati katikati yake, na ubao wa ukingoni una kimo cha sentimita 15. Mwanya kati ya reli na reli usiwe wa kupitisha mwili wa mtu aliyejikwaa. Wakodishaji watakwambia kros zinatosha kuwa reli. Hazitoshi. Kros inakatiza kwa umbo la herufi X, katikati iko chini na pembeni iko juu, na chini yake kabisa kuna pembe tatu iliyo wazi ambayo mtu anapita mzima mzima.

Mbao ndizo zilizonisumbua. Mzigo wa kwanza ulikuja na mbao za inchi moja na nusu, na fremu zetu zilikuwa mbali kwa mita 1.8. Ubao wa unene huo haupaswi kuvuka zaidi ya mita moja na nusu. Wa inchi mbili unavuka mpaka karibu mita mbili na nusu. Nilizikataa. Dereva alinuna, akapiga simu ofisini, na baada ya mabishano marefu zikaletwa za inchi mbili. Kati ya hizo, kadhaa zilikuwa na fundo kubwa katikati, nikazitenga pia. Kataa kwa upole lakini kataa, na ukatae palepale mzigo unaposhushwa, kwa sababu zikishapanda juu hakuna atakayezishusha. Vilevile angalia ncha ya ubao inayozidi nje ya fremu. Ikizidi sana, anayekanyaga pale unamfyatukia. Ikiwa fupi sana, ubao unateleza na kutoka. Sisi kila ubao tuliufunga.

Kuna fremu kama nne nilizorudisha kwa sababu ya ufa kwenye weldingi, pale bomba la kulala linapokutana na la kusimama. Rangi ilikuwa mpya, ya bluu inayong'aa, na ufa ulijionyesha kama mstari mwembamba wa kutu unaotoka kwenye rangi. Jiji letu liko kando ya bahari, chumvi inakula chuma, na rangi mpya inaweza kuwa imefunika mengi. Pitisha kidole kwenye kila kiungo. Pini za kufungia fremu na fremu nazo zilipungua, na kijana mmoja akataka kuziba pengo kwa vipande vya nondo. Mkubwa wake alimkemea kabla sijafungua mdomo.

Sitaki kuacha kueleza habari ya uzito, maana fundi akishaona chuma anaamini kinabeba chochote. Jukwaa la kazi ya kawaida ya ujenzi huhesabiwa kubeba kama kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Nafasi moja kati ya fremu na fremu, mita 1.8 kwa 1.2, ina zaidi kidogo ya mita 2 za mraba, kwa hiyo kilo 430 hivi. Weka mafundi wawili, kilo 140. Weka karai mbili za udongo wa saruji, kilo 50 au zaidi. Tofali moja la inchi 6 lisilo na tundu lina karibu kilo 30. Ukishapanga nane, umefika. Vijana wetu wana mazoea ya kupandisha tofali thelathini mahali pamoja ili wapumzike baadaye. Tulichora mstari mwekundu kwenye fremu na kuwaambia wasaidia fundi kwamba tofali hazizidi nane kwa nafasi, zinapandishwa kadiri zinavyotumika. Siku za mwanzo walilalamika, wakaja kuzoea.

Umeme ndio upande ambao mirunda inalishinda jukwaa la chuma, na lazima niseme kweli. Mti mkavu haupitishi umeme kama chuma kinavyopitisha. Waya wa jirani ulipita karibu na kona ya kaskazini ya nyumba yetu, na kijana akiwa amebeba bomba la mita 6 begani hahitaji kukosea sana ili aufikie. Kona ile haikufungwa jukwaa mpaka TANESCO walipokuja kuuhamisha waya. Ukiwa na laini ya msongo mkubwa inayopita juu ya kiwanja chako, usijidanganye kwamba utakuwa mwangalifu. Panga na TANESCO kabla ya fuso kufika.

Kilichoitofautisha huduma hii na nyingine nilizowahi kutumia ni ile kadi. Kwenye ngazi ya kupandia walining'iniza kadi ya kijani ndani ya plastiki, yenye tarehe ya ukaguzi na sahihi ya mkaguzi. Mzee wa Kilwa alikuja kila wiki kukagua na kusaini upya, na baada ya mvua kubwa alikuja bila kuitwa. Siku moja mafundi wa aluminiamu walitoa kros mbili ili wapitishe dirisha kubwa, wakaondoka kula bila kuzirudisha. Akazikuta hivyo. Hakugombana na mtu. Alichukua kadi ya kijani, akaweka nyekundu, akafunga ngazi kwa mnyororo, akakaa kwenye ndoo akisubiri. Mafundi wa lipu waliporudi kutoka kwa mama lishe walikuta hawawezi kupanda, na wao wenyewe ndio waliowaendea wale wa aluminiamu. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa kros bila kuuliza. Nimehubiri usalama saitini kwa miaka, na sijapata kuona somo lililoingia haraka namna ile.

Wapo walioniuliza kwa nini nisinunue mikanda tu, iwe rahisi. Mikanda ninayo, ile ya mwili mzima yenye pete mgongoni, na kamba yenye kifaa cha kupunguza mshtuko. Ni mizuri, na tuliitumia tulipokuwa tunapaua. Lakini fanya hesabu. Kamba ina mita 2. Kile kifaa kikivutika kinaweza kuongeza mpaka mita 1.75. Kutoka kwenye pete mgongoni hadi nyayo ni mita moja na nusu, na unataka mita moja ya akiba. Jumla inapita mita 6. Sakafu ya ghorofa ya kwanza iko kama mita 3 kutoka ardhini. Fundi aliyejifunga usawa wa miguu yake pale atagonga ardhi kabla kamba haijamshika. Ukimfungia juu ya kichwa mambo yanakuwa afadhali, lakini juu ya kichwa kuna nini cha kufungia wakati ukuta bado unapanda? Kwa urefu huo, kinachookoa ni reli. Na ile mikanda ya kiunoni inayouzwa kwa bei ya kutupa, msiitumie kwa kuzuia kuanguka. Imetengenezwa kwa kumsaidia mtu kusimama mahali, kama fundi wa nguzo. Mtu akianguka akiwa nayo, inamvunja mgongo au inamminya tumbo.

Bei. Wanatoza kwa seti kwa siku, na hapo panahitaji mazungumzo. Wa kwetu alitaka kuhesabu Jumapili na siku za mvua ambazo hakuna aliyepanda. Tukakubaliana kwa mwezi, ikashuka vizuri. Kuna amana, kuna usafiri wa kuleta na kurudisha, kuna gharama ya kufunga na kufungua, na kila pini inayopotea inakatwa kwenye amana, kwa hiyo hesabuni pamoja wakati wa kupokea na mwandike. Mwishoni walichelewa kuja kuchukua vyuma vyao, kisha wakataka tulipie siku hizo. Kwa kuwa nilikuwa nimewatumia ujumbe wa maandishi kwamba kazi imeisha, waliondoa. Kwa jumla, ukilinganisha na kununua mirunda, mbao na misumari, tulitumia zaidi, takriban theluthi moja juu. Lakini mirunda iliyoishia kuwa kuni haikuwepo, matundu ya kuziba ukutani hayakuwepo, na mafundi wa lipu walikwenda haraka kwa sababu walisimama mahali pasipotikisika na mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Kama unajenga nyumba ya chini na kazi ya juu ni kozi (safu za tofali) chache za mwisho na lenta, huhitaji haya yote. Meza imara za mbao zenye reli zinatosha. Kuanzia ghorofa moja kwenda juu, sikubali tena mirunda kwenye saiti yangu, na mwenye nyumba akikataa gharama hiyo nitamwelekeza kwa fomeni mwingine.

Alama zangu: vyuma vyenyewe nawapa saba kwa kumi, kwa sababu ya zile fremu zenye ufa na mbao za kwanza. Ufungaji na ukaguzi nawapa kumi. Ofisi yao, tano. Kazi inayofuata iko Kibada, ghorofa nne, na nimeshawaambia nitawachukua tena kwa masharti matatu: aje mzee yule yule wa Kilwa, mbao ziwe za inchi mbili tangu mzigo wa kwanza, na ngazi iwe ya ndani ya jukwaa yenye mlango kwenye kila sakafu ya jukwaa, maana ile ya nje ya Goba ilikuwa inamlazimu saidia fundi kuvuka reli akiwa na karai mkononi. La tatu bado wanalipigia hesabu. Bila hilo sisaini.